Jiwe Lililofika Beni na Moto Wake

Ripoti ya kumkamata Mathe Syauswa ilikuwa na mistari tisa, na mstari wa sita ndio uliomfanya Inspekta Hénock Kabongo aisahau chai yake. Ulisema: "Alikutwa na jiwe limefungwa kwa kitambaa chenye damu. Jiwe lilikuwa na joto."

Kabongo alisoma tena. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi alikuwa ameandika mapanga, michi, chupa, hata pasi ya mkaa. Jiwe lenye joto hakuwahi kuliandika.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, Aprili 2001, na Butembo kulikuwa na ile baridi ya ukungu ambayo mtu wa Kasai haizoei hata akae humo miaka mingapi. Vita vilikuwa vimemkatia Kabongo njia ya kwao. Mkewe na wanawe walikuwa upande wa pili wa nchi, na yeye amebaki huku na muhuri wake, meza yake na koti moja. Chai aliyoisahau aliletewa na mama muuza maandazi wa mbele ya ofisi, kama kila siku, na kila siku mama huyo alikataa kusikia habari ya malipo. Kabongo hakuwa mtu wa kusema sana asante. Alijua tu kwamba mji huu umemlisha, na kwamba siku moja utamwomba kitu.

Mambo yaliyojulikana yalikuwa machache. Jumanne, saa mbili asubuhi, Edmond Kasika, mnunuzi wa dhahabu inayotoka Manguredjipa, alionekana akifungua duka lake. Saa mbili na nusu alikutwa sakafuni, kichwa kimepasuliwa kwa nyuma, na mfuko wa dhahabu haupo. Hakufa. Alilazwa hospitalini, anapumua, haongei. Saa tatu, hatua mia mbili kutoka dukani, askari walimkamata Mathe Syauswa, mkulima wa vitunguu, akikimbia na jiwe lake. Jumatano wakampakia kwenye lori kwenda Beni kwa wakubwa wao. Ijumaa saa nne angesimama mbele ya auditeur wa jeshi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa pamoja, na mahakama ile ya vita haikujua rufaa. Mtu aliyehukumiwa pale asubuhi hakuwekewa chakula cha jioni.

Mathe alikuwa amejitetea. Alisema jiwe lilitolewa motoni kwao kijijini saa kumi na mbili, naye akatembea masaa matatu kulileta mjini, kwa mtoto wake mchanga. Pembeni mwa maneno hayo, katika jalada lililorudishwa Butembo usiku, auditeur alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Hakuna jiwe linaloshika joto masaa matatu. Anadanganya. Alikuwa Butembo tangu alfajiri."

Kabongo alikiri moyoni kwamba hata yeye angeandika hivyo hivyo. Ndipo akamwita Luteni Jordy.

Jordy alikuwa mwanajeshi wa mkoa wa Équateur, mwenye miaka thelathini na ushee, mrefu, na kofia yake haikumtosha. Yeye ndiye aliyemkamata Mathe na kuandika ile mistari tisa.

"Mon lieutenant, kaa. Hiyo jiwe, njo wewe uliishika wa kwanza?"

"Ndiyo, njo mimi, mon inspecteur."

"Na gants?"

"Gants gani? Mukono mutupu."

"Ilikuunguza?"

Jordy alitazama kiganja chake. "Te, hapana. Ilikuwa na moto ya muzuri. Asubui ile baridi ilikuwa mingi, sikutaka hata kuiacha."

"Mu rapport uliandika joto tu."

"Hakuna mutu aliniuliza joto ya namna gani."

"Mimi njo niko nakuuliza. Ungeweka yai juu yake, ingeiva?"

Jordy akacheka. "Yai? Hapana! Kuku njo ingeweza kulala pale."

Kabongo aliandika neno kwa neno, na kuku wake. "Na juu ya nini Mathe alikimbia?"

"Alituona."

"Njo sababu?"

"Mon inspecteur, batu bote banakimbia bakituona. Banaogopa tutababebesha mizigo ya jeshi." Alilisema bila aibu, kisha aibu ikaja polepole, akavua kofia na kuishika magotini.

"Weka sahihi hapa," Kabongo alisema. "Na kesho usiende mbali. Nitakuhitaji."

*

Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda vinane, dirisha moja lenye karatasi badala ya kioo, na mbabula moja, yaani jiko la makaa, uani, ambayo kila familia ilisubiri zamu yake. Nesi Émérance alimwonyesha kitanda cha mwisho. Pale aliketi Joyeuse, mke wa Mathe, amejifunika mablanketi mawili, na ndani ya mablanketi, juu ya kifua chake, palikuwa na uso mdogo kuliko ngumi. Mtoto alizaliwa Jumapili, miezi miwili kabla ya siku yake, kilo moja na gramu mia tatu. Chini ya miguu yake, ndani ya kitambaa, kulikuwa na jiwe.

Mama yake Mathe, Jokébed, alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye goti bovu, na alimtazama Kabongo kama mtu anayepima gunia kabla ya kulibeba.

"Papa Inspecteur, Mathe angali muzima?" aliuliza Joyeuse.

"Jana alikuwa muzima. Kesho saa ine banamusikiliza." Hakutaka kumdanganya. "Mama Jokébed, nielezee iyi jiwe."

Jokébed alilitoa chini ya blanketi, akalifunua. Lilikuwa la kijivu lenye kijani kidogo, bapa, kubwa kama mkate wa soko, na ubavuni limechorwa msalaba mdogo.

"Kwanza, kwaruza na kucha."

Kabongo alikwaruza. Kucha iliingia, ikaacha mstari mweupe, na unga laini ukabaki kidoleni. Lilikuwa linateleza kana kwamba limepakwa sabuni.

"Njo maana tunaita jiwe ya sabuni," alisema Jokébed. "Baba yangu alichonga mbili mu kipande moja, na kisu tu, kwenye kilima ya nyuma ya kwetu. Moja njo hii. Ingine njo ile basoda balikamata na Mathe. Jiwe ya muto ukiitia mu moto inapasuka, inaweza kukutoa jicho. Tofali inashika moto, lakini iko na haraka ya kuiacha. Hii haina haraka. Hainywake maji, haipasukake. Batu ba Manguredjipa banaichonga forme za kumwangia zahabu yenye kuyeyuka. Sisi tunakaangia mahindi juu yake. Unga yake tunapakaa batoto kwenye matako."

"Na inashika moto masaa matatu?"

"Ukiifunga muzuri na majani ya ndizi na blanketi, ine. Nililelewa juu ya hii jiwe, Papa. Mathe vilevile."

"Damu ya kitambaa?"

Joyeuse ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Ni pagne yangu, kitenge ya kuzalia. Jiwe ya kwanza banaifunga ndani yake."

Kabongo aliandika. Halafu akauliza lile lililokuwa limemkaa rohoni tangu asubuhi. "Mama, mbabula iko hapa inje. Makaa iko. Juu ya nini Mathe alienda kupasha jiwe mbali vile, masaa matatu ya miguu, wakati mutoto iko na baridi?"

Jokébed alionekana kushangaa kwamba mtu mzima anauliza hivyo. "Mutoto wa kwanza, joto yake ya kwanza inatoka mu jikoni ya baba yake. Mu familia yetu njo vile. Kisha hapo unapasha popote, hata kwa jirani. Lakini ya kwanza, hapana. Mutoto ajue moto ya kwabo. Mathe alitangulia na moja, sababu iko na miguu ya nguvu. Mimi nilifwata na hii ingine mu kitunga. Nilifika midi, saa sita. Balinipokea na habari kwamba mutoto wangu ni muuaji."

Kabongo aliiandika desturi ile kama ilivyo. Desturi hiyo ndiyo iliyompeleka Mathe kwenye mikono ya askari, na ndiyo hiyo hiyo ambayo mtu wa mkoa mwingine, mwenye wino mwekundu, asingeielewa hata aelezwe mwaka mzima. Hakukuwa na shahidi wa safari ile isipokuwa mama mzazi, na njia ya Mathe ilikwepa vizuizi vyote vya askari. Alibaki shahidi mmoja tu asiye ndugu yake, na shahidi huyo hakuwa na mdomo.

"Mama Jokébed, niko na lazima ya hii jiwe," alisema. "Kesho, tangu saa kumi na mbili mpaka magaribi. Nataka ifike Beni na moto yake, mbele ya macho ya ule mukubwa."

Jokébed alilikumbatia jiwe.

"Ile ingine iko Beni. Mutoto wangu iko Beni. Ukitwala na hii, mujukuu anabakia na nini?"

Émérance alitazama karatasi ya dirishani, ambayo upepo ulikuwa unaipiga. Wote walijua hesabu yake: mtoto wa kilo moja hapigani na baridi siku nzima.

"Anabakia na sisi," alisema mwanamke wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa ananyonyesha wa kwake. "Vifua viko hapa. Tuko saba. Kila mutu lisaa moja, Joyeuse apumuzike, tunazunguka."

"Mimi nitaanza," alisema mwingine, kama vile wanagawana zamu ya kuteka maji.

Jokébed aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akamwekea Kabongo jiwe mikononi, likiwa bado la moto, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Kabongo alitaka kusema asante kwa wanawake wale, akaishia kuinamisha kichwa. Jiwe akalirudisha mahali pake mpaka kesho.

Mlangoni Émérance alimvuta mkono. "Inspecteur, mimi vilevile njo nilisafisha kichwa ya Papa Edmond siku ya Jumanne." Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. "Nilitoa hii mu kidonda. Docteur alisema nitupe. Nikaona inang'aa, nikasema labda ni zahabu."

Ndani ya karatasi mlikuwa na vipande vyembamba vya ulanga, madini ya kung'aa, vidogo kama magamba ya samaki ndakala, vinavyometameta vikigeuzwa. Kabongo akatazama kidole chake, ambacho bado kilikuwa na unga mweupe wa jiwe la sabuni. Hakukuwa na kitu kinachong'aa ndani yake hata kimoja.

"Émérance," alisema, "Mungu akuzidishie hiyo tamaa yako ya zahabu."

*

Kabongo alihitaji tofali. Kama angefika Beni na jiwe peke yake, auditeur angesema kitu chochote kikifungwa vizuri kinabaki na joto. Basi angepasha na tofali katika moto ule ule na kulifunga vile vile, vitu viwili vishindane.

Tofali alilipata mahali ambapo hakulitafuta. Alipitia duka la Edmond kuangalia sakafu, na mlango ulikuwa umezuiwa na tofali jipya, jekundu, kingo zake bado kali. Karani wa duka, Kakule Sikuli, alitoka kumpokea. Alikuwa mtu msafi, mwenye shati lililonyooshwa, na ndiye aliyewaambia askari kwamba ameona mtu anakimbia na jiwe.

"Karibu, Inspecteur. Tuko naombea patron usiku na muchana."

"Mungu atasikia. Hii tofali iko hapa tangu lini?"

"Hiyo? Ooh, tangu zamani. Ni ya kuzuia mulango."

"Utaniazima?"

"Kamata tu. Tofali ni kitu gani?"

Kabongo aliinama kuliokota, na hakuinuka haraka. Sakafu ya saruji ilikuwa na weusi wa nyayo za miaka. Lakini chini ya tofali, na kulizidi tofali, palikuwa na duara jeupe, kubwa kama sahani, mahali ambapo kitu cha mviringo kilikaa muda mrefu mno. Ukingoni mwa duara kulikuwa na vumbi linalometameta.

"Magoti ya uzee," alisema, akainuka na tofali lake.

Ng'ambo ya barabara alinunua maharagwe asiyoyahitaji kwa mama mmoja aitwaye Aurélie, aliyekuwa na meza yake hapo miaka yote, akamuuliza kwa mzaha kama Papa Edmond amekuwa maskini mpaka azuie mlango kwa tofali.

"Hata mimi nilishangaa juzi," alisema Aurélie. "Sababu iko na jiwe yake muzuri, ya mviringo, ya kung'aa. Aliitoaka Manguredjipa. Batoto balikuwa nayiita kioo ya Papa Edmond."

Tofali la tangu zamani lilikuwa na siku mbili. Kabongo alimwambia msaidizi wake wa ofisi akae karibu na duka na asimwondolee Sikuli macho. Hakutaka kumkamata bado. Dhahabu haikujulikana iko wapi, na karani aliyeshtuliwa angeweza kuizamisha mahali pasipofikika.

*

Ijumaa, saa kumi na mbili kamili, uani kwa wazazi, Luteni Jordy alilitoa jiwe motoni kwa koleo mbili, kisha tofali. Kabongo alikuwa amemwomba afanye hivyo kwa mikono yake mwenyewe. Jokébed alivifunga vyote viwili sawasawa, majani ya ndizi matatu kila kimoja na blanketi juu. Kabongo akazungusha kamba, akamiminia nta ya mshumaa kwenye fundo, akagonga muhuri. Jordy akaweka sahihi. Nyuma yao, dirishani, mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa ameanza zamu yake.

Lori la mbao liliwachukua. Jordy aliketi mbele na mafurushi mawili magotini, kwa amri ya Kabongo, asiyaachie hata wakisukuma gari. Na kweli walisukuma, mara mbili, kwenye matope, na Jordy alisimama kando ya barabara na mafurushi yake kama mama wa mapacha, huku dereva anamtania. Barabara iliteremka, hewa ikawa nzito, kakao ikaanza kuonekana kandokando. Saa tatu na dakika ishirini walikuwa Beni, na Kabongo alikuwa analowana jasho ndani ya koti lake.

Auditeur alikaa katika nyumba ya zamani ya mfanyabiashara wa kahawa. Alikuwa mtu mkavu, mwenye miwani, mwenye kupenda karatasi zilizonyooka. Mathe aliletwa, mikono imefungwa, mdomo umevimba. Mezani palikuwa na jiwe lililokamatwa, baridi, limebandikwa kikaratasi: Kielelezo namba moja, silaha.

"Inspekta, una dakika kumi," auditeur alisema kwa Kifaransa chake, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Nasikia umeniletea mawe. Hapa Beni mawe yako."

"Ya namna hii hakuna, mon auditeur. Tazama muhuri. Tazama sahihi ya luteni wako. Vimetoka motoni Butembo saa kumi na mbili, na sasa saa yako inasema ngapi?"

Auditeur alitazama. "Saa tatu na nusu."

"Fungua wewe mwenyewe."

Auditeur alikata kamba. Alifungua tofali kwanza, akaweka kiganja. "Vuguvugu. Linakufa." Akafungua furushi la pili, akaweka kiganja, na hakukiondoa. Alikaa hivyo muda, mtu mkavu yule, mkono juu ya jiwe, kana kwamba ameombwa kuapa.

"Mon lieutenant," alisema Kabongo. "Funga macho. Shika. Sema ukweli mbele ya mukubwa wako."

Jordy alifunga macho na kushika. Luteni alijua vizuri kwamba neno lake moja linaiaibisha ripoti yake na mkubwa wake pamoja.

"Njo hii," alisema. "Hii njo moto ile ile ya siku ya Jumanne. Hata kidogo haibadirike."

"Kama lingekuwa limetoka motoni Butembo saa mbili na kitu, mon auditeur, luteni angekuwa na ngozi mpya leo," alisema Kabongo. "Kwenye karatasi yangu amesema kuku angelala juu yake. Jiwe lilikuwa na masaa matatu nje ya moto, kama Mathe alivyosema. Hakudanganya. Na damu ya kitambaa ni ya uzazi wa mkewe."

"Hajadanganya juu ya moto," auditeur alijibu upesi. Hakuwa mjinga. "Mtu anaweza kusema kweli juu ya moto na bado akampasua mwenzake kichwa kwa hilo jiwe."

"Ndiyo. Basi shika kielelezo chako, ukigonge kwenye kona ya meza. Si kwa nguvu."

Auditeur alisita, kisha akagonga. Kona ya mbao iliingia katika jiwe, ikaacha kishimo cheupe kinachoonekana toka mlangoni.

"Mbao imeliumiza," alisema Kabongo. "Fuvu la Papa Edmond lingelifanya nini? Tafuta alama nyingine."

Auditeur aliligeuza jiwe mara tatu karibu na miwani. Aliona msalaba mdogo na kishimo alichokitengeneza mwenyewe. Kabongo akafungua karatasi ya Émérance chini ya pua yake. "Hivi vilitolewa kwenye kidonda. Vinang'aa. Jiwe la sabuni halina kitu hiki. Jiwe la mlango wa Papa Edmond lilikuwa nacho, na tangu Jumanne halipo. Mahali pake karani Kakule Sikuli ameweka hili tofali, akaniambia ni la zamani. Mzigo wake nadhani umeshafungwa. Nakuomba redio yako ya phonie dakika mbili."

Kabongo akalilaza jalada mezani. Auditeur alichukua ukurasa wenye wino mwekundu, akautazama kwa huzuni ya mtu aliyeharibiwa karatasi safi.

"Niliandika kwa nyekundu," alisema.

"Nyeusi inaandikika juu yake."

Auditeur akachukua kalamu nyeusi. Kisha, bila kumtazama Mathe, akamwambia askari: "Mfungue huyu."

Sauti ya Butembo ilipotoka kwenye phonie, ikikwaruza, ilileta habari kabla ya kuulizwa. Sikuli alikuwa amepanda lori la kwenda Kirumba alfajiri hiyo. Msaidizi wa Kabongo alimteremsha kizuizini na gunia lake la maharagwe, na chini ya maharagwe palikuwa na mfuko wa Edmond. Jiwe la mviringo lilikuwa kwenye choo cha uani mwa duka, lilikotupwa.

*

Nje, Mathe alisugua mikono yake iliyokuwa imefungwa. Neno lake la kwanza tangu asubuhi lilikuwa: "Mutoto?"

"Tulimuacha kwenye kifua ya bamama saba," alisema Kabongo. "Saa hii iko kwa wa ine. Mengine nitakudanganya."

Mathe aliinamisha uso. Halafu, badala ya kulia, akayachukua mawe yote mawili, akaenda kwa dereva. "Papa dereva, ile mashine yako ya lori inapataka moto?"

"Inapataka moto mpaka inanichoma mapaja."

"Nisaidie niweke hizi juu yake."

Dereva alifungua kifuniko katikati ya viti, na mawe yakalazwa kwenye injini, yamefungwa kwa kile kitambaa cha damu ambacho auditeur hakutaka kubaki nacho. Lori likapanda kurudi milimani. Kila walipokwama, Mathe ndiye aliyeshuka wa kwanza kusukuma, na Jordy wa pili, bega kwa bega, mmoja amemkamata mwenzake siku tatu nyuma. Kwenye kilima cha mwisho Jordy alisema, akiwa anatazama matope: "Ndeko, ndugu yangu, unisamee." Mathe alisukuma kwanza lori likatoka, ndipo akajibu: "Ulisema kweli pale. Aksanti."

Butembo walifika saa kumi na moja, ukungu umeshashuka. Mathe alikimbia na mawe yake uani mwa hospitali, na safari hii hakuna askari aliyemfuata isipokuwa Jordy, aliyekuwa anambebea viatu.

Kabongo alipoingia wodini, mwanamke wa zamu alikuwa anamtoa mtoto kifuani na kumrudishia Joyeuse. Mtoto alifungua mdomo, akatoa sauti ndogo ya hasira, na wodi nzima ikacheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho kilivyostahili. Mathe alipiga magoti, akaweka jiwe moja miguuni mwa mwanawe na lingine mgongoni. Mkono wake ulibaki ndani ya blanketi.

Jokébed alikuja mpaka mbele ya Kabongo na goti lake bovu. Alimshika mikono yote miwili, akaiinua, akaiweka kwenye mashavu yake.

"Wasingya," alisema. Ni asante ya Kinande, na aliirudia mara nyingi. "Wasingya, Papa. Wasingya."

"Mama, ni mimi," alisema Kabongo. "Ni mimi njo nawaambia aksanti." Na akamweleza, kwa mara ya kwanza katika mji ule, habari ya mkewe aliye mbali, na ya chai ya kila asubuhi, na kwamba leo amefurahi kuwa Butembo. Wanawake saba walisikiliza. Mmoja akamwekea sahani ya maharagwe.

Kabla ya kwenda kumhoji Sikuli, alipitia ofisini. Alifungua daftari la vielelezo, akatafuta mstari wa Jumanne: *Namba moja. Jiwe. Silaha.* Alikata neno la mwisho kwa rula. Chini yake akaandika, kwa wino mweusi, polepole, kama mtu asiyetaka kukosea:

*Limerudishwa kwa mwenyewe, mtoto wa siku tano. Lilikuwa na joto.*